Mngoje Mwanangu Amalize Kusema

Chumba cha kushonea, chini ya jukwaa la Ukumbi wa Taifa
Jumatatu, 4 Machi

Kasuku wangu,

Barua yako nimeipata. Unasema simu yako ilidumbukia kwenye ndoo ya maji na kwamba kwa sasa tuandikiane. Haya, tuandikiane. Lakini mumeo ana simu, jirani yako ana simu, na hicho kituo cha redio unachofanyia kazi sidhani kama kinatangaza kwa filimbi. Wiki saba sijakusikia. Mtoto niliyemwita Kasuku kwa sababu hakunyamaza hata akiwa na tonge mdomoni, leo ananiandikia mistari kumi na miwili na kuweka nukta.

Basi sauti yako nimeipata kwingine. Ukumbi ulitugawia sisi wafanyakazi wa siku nyingi tiketi za basi la wageni, lile la ghorofa lenye juu wazi, na jana nilipanda. Miaka thelathini na minne nimeishi katika mji mkuu huu na nimeujua kwa vipimo tu. Bunge ni mita mia mbili na kumi za kitambaa kizito cha kijani. Maktaba ya Taifa ni mapazia ishirini na sita yenye bitana. Nayashona humu chini pasipo dirisha, watu wanakuja na lori wanayachukua, na mimi naanza mengine. Sijawahi kuyaona yametundikwa.

Nikakaa juu, kiti cha mbele kabisa. Dereva akabonyeza kitufe chake, na wewe ukasema sikioni mwangu: "Karibuni. Shikeni kofia zenu, maana upepo wa mji huu hauna adabu." Nililia, mwanangu. Mzee aliyekaa kando yangu akadhani kofia yangu imepeperuka, akaanza kuitafuta chini ya viti.

Nilijua ulirekodi maneno ya basi, ila sikwenda kuyasikiliza, na sababu unaijua. Ulipoacha cherehani ukaenda kusema kwenye mashine, nilikwambia kusema si kazi, kila mtu anasema, hata redio ya kinyozi inasema. Miaka sita imepita. Jana nimekusikia ukieleza ngazi za Maktaba: kwamba ziko arobaini na nne, na kwamba mwashi aliyezijenga aliifanya ya ishirini na mbili iwe pana kuliko zote ili wenye magoti kama yangu wapumzike bila aibu. Nikatazama, na kweli watu wamesimama pale pale. Juu yao, madirishani, mapazia yangu. Yamekaa vizuri sana, hakuna pindo hata moja lililovutika.

Kasoro ni moja. Jumapili barabara ni nyeupe na yule dereva anakimbia. Ulikuwa bado unaeleza Maktaba, sisi tumeshafika kwa zimamoto. Wageni wakawa wanapiga picha gari la zimamoto wakidhani ndilo lenye vitabu laki tisa. Nikashuka kwenda kwa dereva nikamwambia, "Baba, mngoje mwanangu amalize kusema." Akauliza mwanangu yuko wapi. Nikamwonyesha spika.

Jumapili ijayo napanda tena. Niandikie, hata kama ni kunilaumu.

Mama yako

*

Kituo cha redio
12 Machi

Kaka Mbio,

Miaka sita hatujaonana, na kumbe bado unaendesha kama mtu aliyeacha maziwa jikoni. Mama wa kiti cha mbele ni mama yangu mzazi. Ameniandikia habari zako.

Nakuandikia kwa sababu meneja wenu ameniita nije nirekodi maneno ya kituo kipya, ile Stesheni ya Zamani inayogeuzwa makumbusho, nami sijamjibu. Siwezi kumjibu. Mwezi wa kwanza nilipasuliwa uvimbe shingoni. Uvimbe wenyewe umetoka na haukuwa wa kutisha, nashukuru Mungu. Lakini mshipa unaoendesha sauti uliguswa, na nilipozinduka sauti haikuwepo. Nikijitahidi sana natoa mnong'ono, na mume wangu anausikia akizima feni kwanza. Daktari anasema huenda ikarudi, huenda isirudi. Hapa redioni wamenihamishia kwenye kuandika, mwingine anasoma. Nikisikia maneno yangu kwenye mdomo wake najikaza kisabuni.

Mama hajui. Simu haikuanguka kwenye ndoo yoyote. Yeye ndiye anayeshona pazia kuu jipya la Ukumbi, litakalofunguliwa mwezi wa sita katika Wiki ya Milango Wazi, na baada ya hapo anastaafu. Akijua, ataiacha sindano imening'inia na kufunga safari kuja huku. Acha kwanza alimalize. Pengine sauti nayo itakuwa imerudi, na nitampigia kama vile hakukuwa na kitu.

Naomba usimwambie, na siku za Jumapili uendeshe polepole. Sauti iliyo kwenye basi lako ndiyo pekee niliyo nayo.

Kasuku

*

Karakana ya mabasi
20 Machi

Dada Kasuku,

Mimi siandiki barua, naandika ripoti za ajali, kwa hiyo nivumilie.

Kwanza, pole. Barua yako niliisoma hapa karakana, nikaisoma tena, kisha nikapanda kwenye basi nikabonyeza kitufe cha kwanza nikakusikiliza peke yangu, hadi fundi akaja kuuliza kama ninaumwa.

Pili, mama yako. Amepanda Jumapili tatu mfululizo. Wageni wakizungumza wakati unasema, anageuka na kuwatazama mpaka wanyamaze. Mimi ananiongoza kwa kugonga sakafu na mwavuli: pigo moja ningoje, mawili niondoke. Mzunguko mmoja nilichelewa dakika kumi na moja, meneja akaniandikia onyo. Nimemjibu kwamba abiria wameridhika, na ni kweli. Zamani walikuwa wanashuka wakiuliza choo kiko wapi, sasa wanashuka wakiuliza habari za yule mwashi.

Tatu si nzuri. Meneja anasema basi moja, sauti moja. Usiporekodi kituo kipya kabla mwezi wa tano haujaisha, anafuta rekodi yote na kuanza upya na mtu mwingine. Sikumwambia kitu. Siri yako ninayo, ila ni nzito kuliko basi.

Mbio

*

Chumba cha kushonea
2 Aprili

Kasuku wangu,

Barua yako ya juzi ilikuwa na hali ya hewa tu. Haidhuru, mimi nakuletea mji mzima.

Unasema kwenye spika kwamba Bustani ya Mimea ina yungiyungi lenye jani la kumbeba mtoto mchanga. Nilidhani umetia chumvi, nikashuka kwenda kuhakikisha. Kasuku, lile jani lina pindo. Ukingo wake umekunjwa kwenda juu, vidole vitatu sawasawa kuzunguka lote, na hakuna pasi iliyopita. Nilisimama pale hadi mlinzi akanisogezea kiti. Nimeshona maisha yangu yote na sijapata pindo la namna ile. Kisha Mnara wa Saa. Uliposema saa yake imetangulizwa dakika mbili makusudi ili makarani wa wizara wasichelewe, gari zima lilitazama saa zao na kucheka. Mji huu ulikuwa juu ya kichwa changu miaka yote, na mimi chini nimeinamia sindano. Wewe ndiye uliyenitoa.

Usione vyaelea, vimeundwa. Dereva ameniambia ulitembea njia yote kwa miguu mara kumi na nne, saa mkononi, ukipima kila sentensi na mwendo wa basi. Na mimi nikakwambia si kazi. Nilikosea. Nakuomba radhi, mwanangu, na kama kimya chako kinatokana na hilo, kivunje, kinaniumiza.

Sasa furahi. Meneja wa mabasi alipanda Jumapili. Nilimshika mkono nikamwambia Kasuku atakuja kurekodi ile stesheni kabla mwezi wa tano haujaisha. Nimempa neno langu. Kitanda chako nimeshakitandika.

Mama yako

*

Kituo cha redio
11 Aprili

Mama,

Shikamoo. Usiniombe radhi, hukunikosea kitu. Nimefurahi kwamba umeiona bustani.

Kurekodi siji. Kazi ni nyingi na ruhusa haipatikani. Hukupaswa kunitolea ahadi bila kuniuliza. Mwambie meneja atafute sauti nyingine, zipo nyingi na nzuri, na basi litaendelea kwenda.

Usijichoshe na pazia.

Mwanao

*

Chumba cha kushonea
19 Aprili

Mwanangu,

Nimeona hukutia jina lako. Kweli, mtu mzima hatolewi ahadi na mama yake, hapo nimekosa. Meneja nimemwambia.

Lakini "basi litaendelea kwenda" ni maneno ya kumwandikia mtu wa ofisini. Nimekuomba radhi ukanijibu kwamba sikukosa kitu. Anayesamehe husema amesamehe. Kwa hiyo nimejua nilipo.

Jumapili sitapanda, nina pazia. Limebaki pindo la chini na kamba zake.

Mama yako

*

Karakana
29 Aprili

Dada Kasuku,

Ripoti ya pili. Jumapili mbili kiti cha mbele kiko wazi na hakuna anayegonga sakafu. Naendesha polepole kwa mazoea.

Jana baada ya kazi nilikwenda Ukumbini. Nilimkuta amekaa katikati ya pazia jekundu lililojaa chumba kizima, hashoni. Akaniuliza, "Wewe unamjua. Kwani nilimfanya nini?" Nikasema sijui. Mimi uongo siuwezi. Alinitazama vile anavyowatazama wageni wanaoongea, nikaaga nikaondoka bila hata kumaliza chai.

Ulimficha ili asiliache pazia. Sasa ameliacha, na anaamini unamchukia. Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua. Hapa hakuna wa kufa, ila wanaougua sasa ni wawili. Mwandikie mwenyewe. Nakupa wiki mbili, baada ya hapo nitamwambia mimi, na wewe unajua jinsi nisivyojua kuwaambia watu mambo.

Mbio

*

Nyumbani
3 Mei

Mama,

Barua hii nimeianza mara sita.

Sauti yangu haipo. Mwezi wa kwanza nilipasuliwa uvimbe shingoni, nikazinduka bila sauti. Habari ya ndoo ilikuwa uongo. Nilijua ukipiga simu utasikia pumzi tu, na nilitaka umalize pazia lako kwa moyo mtulivu. Juzi nilirudi kwa daktari. Ameniambia nisitarajie mengi, nitabaki na mnong'ono.

Uliposema kusema si kazi, niliondoka na kiburi. Miaka sita nimeifanya kazi ile ili siku moja ukubali. Umekubali mwaka ule ule nilioipoteza. Barua yako ya kuniomba radhi niliisoma nimekaa sakafuni. Nilitaka nikupigie hapo hapo nikushukuru, nikafungua mdomo, upepo ukatoka. Ndiyo sababu nikakuandikia yale maneno makavu. Neno moja tu jema lingenifanya nimwage yote.

Nilikusamehe siku nyingi, Mama, kabla hujaniomba. Naandika hapa kwa sababu ulitaka kuliona limeandikwa.

Kunyamaza nimeanza kuzoea. Ninaiogopa siku watakayofuta ile sauti ya basi, kwa sababu sitakuwa na nyingine. Nimeona aibu kukwambia kitu hicho, lakini ndicho kinachonikosesha usingizi.

Kasuku

*

Chumba cha kushonea
9 Mei

Kasuku wangu,

Nimekasirika. Naliandika kwanza ili lipite. Umepasuliwa shingo, na mimi huku nakusimulia majani ya yungiyungi. Huyo mumeo naye nitakutana naye.

Limepita. Nililia siku mbili, kisha nikala, nikalala, nikaenda kwa meneja wa mabasi. Nikamweleza kwa nini huji. Mtu mzima yule akavua miwani akaifuta. Lakini akarudia wimbo wake, basi moja sauti moja, wageni watachanganyikiwa. Nikamwambia, "Bwana, koti lako lina kiraka kwenye kiwiko cha kushoto. Umeacha kulivaa?" Akageuza mkono akatazama. Hakuwa anajua kwamba lina kiraka. Nikamwambia aliyekishona alikuwa fundi, akachagua kitambaa kingine akakituliza, na koti likaendelea kuwa lake. Anipe na mimi kiraka kimoja: Kasuku aandike, mimi niseme.

Meneja akakitazama tena kile kiraka. Akasema atanijaribu tarehe ishirini na tano. Nikifaulu, sauti yako inabaki. Nikishindwa, anafuta zote. Sijalala vizuri tangu hapo, sitakuficha, maana tumekubaliana tusifichane.

Kwa hiyo andika. Usiweke maneno marefu, meno yangu ya mbele ni ya kubandika. Stesheni nimekwenda kukuangalizia. Paa ni la chuma na vioo, na saa nne asubuhi jua linaingia na kuchora mistari sakafuni hadi kwenye dirisha la tiketi. Ubao wa safari wameuacha vile ulivyokuwa siku ya treni ya mwisho. Na kuna benchi refu la mbao lenye mabonde kumi na mawili yaliyochimbwa na makalio ya wasafiri. Wanakuruhusu ukae. Nimekaa yote kumi na mawili, la tano ndilo langu. Kutoka kwenye taa za barabarani hadi mlangoni ni sekunde hamsini kwa mwendo wa Mbio, ukimzuia.

Pazia nimelirudia. Limebaki mita tisa.

Mama yako

*

Karakana
27 Mei

Dada Kasuku,

Ripoti ya tatu, na hii nimeiandika kwa raha.

Nilimpeleka mama yako studio mimi mwenyewe. Maneno uliyoyatuma alikuwa ameyakariri, lakini alipoona kile kinasa sauti alikipigia kelele kama mtu anayemwita jirani ng'ambo ya barabara. Fundi mitambo akamwomba apunguze. Akapunguza hadi akawa hasikiki. Mara ya tano alisahau benchi, mara ya tisa alikohoa, mara ya kumi na moja alimwuliza fundi mitambo nani alimshonea suruali ile. Meneja alikuwa ananyanyuka nyanyuka kwenye kiti. Nilijua akinyanyuka kabisa, yamekwisha.

Ndipo mama yako akasema mikono yake haijui iwe wapi. Akatoa kitambaa na sindano kwenye mkoba, akaanza kupinda pindo, na huku anapinda akasema maneno yako yote mara moja, taratibu, macho yako kwenye sindano. Sekunde hamsini kamili. Alipomaliza hakunyamaza. Akaongeza yake. Meneja akasema hayo ya mwisho yakatwe. Fundi mitambo akawa hasikii vizuri ghafla, akaomba tusikilize tena toka mwanzo. Tukasikiliza. Meneja akachukua koti lake akasema tuache kila kitu kama kilivyo, na akaondoka bila kutuaga.

Aliyoyaongeza sikuandikii. Hayo utayasikia ukiwa umekaa. Njoo.

Mbio

*

Nyumbani
24 Juni

Mama,

Nimefika salama. Mume wangu anakusalimu na anaomba usizimalize hasira zote kwa barua, umbakizie za kumtishia ukija.

Nimeishi katika mji huo miaka ishirini na tano na nimeueleza kwa wageni elfu nyingi, lakini sikujua Wiki ya Milango Wazi inaweza kuwa vile. Spika wa Bunge akiwaonyesha watoto wa shule kiti chake na kuwaacha wakae. Foleni ya Maktaba imepinda hadi kwa zimamoto, na zimamoto nao wamefungua mlango wao. Na pazia lako. Taa zilipozimwa na lile jekundu likaanza kupanda, watu mia nane walishusha pumzi pamoja kabla hata mchezo haujaanza. Nilikushika mkono, ukaniambia mkunjo wa tatu umekaa vibaya. Haukuwa umekaa vibaya, Mama. Lilikuwa zuri kupita kitu chochote nilichowahi kukiona jukwaani.

Kisha Jumapili, basi. Nilikaa kati yako na ule mwavuli wako. Sikuwa nimeisikia sauti yangu tangu mwezi wa kwanza, na niliogopa. Ngazi za Maktaba, Bustani, Mnara wa Saa, nikamsikiliza yule binti wa kwenye spika anavyocheka katikati ya sentensi na nikamwonea wivu kidogo. Kwenye taa za barabarani akanyamaza. Ukaanza wewe: paa la vioo, jua la saa nne, benchi na mabonde yake. Watu wakacheka pale nilipotaka wacheke. Halafu yakaja yale ambayo sikuyaandika: "Maneno haya ameyaandika mwanangu. Ndiye mliyemsikia tangu mwanzo wa safari. Mimi ni mama yake, nimemshikia tu."

Taa zilikuwa za kijani na Mbio hakuondoka. Nyuma yetu magari yakapiga honi. Abiria hawakujua ni mimi, nikashukuru, kwa sababu uso wangu ulikuwa umeharibika wote.

Hapo nilikusogelea nikakwambia kitu. Kwa honi zile hukusikia. Uliniinamishia sikio ukauliza, "Unasemaje?" na mimi nikatikisa kichwa kwamba si kitu, kwa sababu ile mara ya kwanza ilinimalizia pumzi yote.

Nilisema umesema vizuri kuliko mimi.

Kasuku wako